Programu Isiyo na Uzito

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nalisema mapema ili asije mtu kunihoji. Ukiitafuta kwenye ramani huioni, na ukienda kuiulizia utapewa fomu. Mimi nimefanya kazi miaka ishirini na sita katika nchi hiyo isiyokuwepo, na miguu yangu imevimba kweli kweli.

Ibara ya kwanza ya Katiba yao inasema haraka haraka haina baraka. Ibara ya pili inasema ya kwanza irudiwe. Chini ya ibara hizo mbili ikaundwa Mamlaka ya Taifa ya Ruhusa, jengo la ghorofa tisa ambalo kazi yake ni kuwaruhusu wananchi kuomba ruhusa. Mtu akitaka kuchimba choo anakuja kwetu tumruhusu kuomba kibali cha choo. Kibali chenyewe kinatolewa jengo jingine, na hilo jingine limefungwa kwa ukarabati. Mimi niko ghorofa ya tisa, masijala, chumba cha majalada, mkabala na mlango wa Mkurugenzi Mkuu. Karatasi yoyote inayoingia au kutoka lazima ipite mikononi mwangu. Wananiita Mama Kulwa. Wanadhani mimi mpole kwa sababu nimenenepa na miwani yangu ina kamba. Na kweli mimi si mtu wa visasi. Najiambia hivyo kila asubuhi kabla sijaanza kulipiza.

Sasa kuna desturi moja ya pale lazima uijue, maana bila hiyo hutaelewa chochote. Kitu kipya kikiletwa ofisini, huanza kwa mkubwa. Kalenda mpya, pazia, feni, birika, vyote vinaanza ofisi ya Mkurugenzi Mkuu, kisha vinateremka kwa vyeo mpaka viishe, na kwa kawaida huishia ghorofa ya saba. Mlinzi wetu wa getini, Bwana Chubwa, alipovunjika mguu kazini, aliombewa magongo mawili ya kutembelea. Yakaja magongo mawili. Yakaenda kwa Mkurugenzi Mkuu, akayapokea kwa hotuba, akayatundika ukutani chini ya picha yake. Chubwa alitembelea fagio miezi saba. Hakuna aliyeona ajabu.

Mkurugenzi huyo jina lake ni Daktari Mhandisi Gwakisa Ndomba. Udaktari aliupata kwa heshima na uhandisi aliupata kwa uzoefu. Nitamrudia.

*

Ghorofa ya kwanza kulikuwa na Mzee Ngwali, afisa malalamiko. Wananchi wakituandikia kulalamika, barua zao zinakwenda kwake, na yeye, sijui nani alimfundisha ushamba huo, alikuwa anazisoma. Halafu anazijibu, ndani ya siku tatu, kwa jina la mtu na shikamoo kama aliyeandika ni mkubwa kwake. Mimi mwenyewe nimo kazini kwa sababu ya barua yake. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa mhudumu wa usafi. Siku moja nilichomoa waya wa mashine ya kunakilia karatasi ili nipige deki, maana ulipita katikati ya maji. Ndomba wakati huo alikuwa afisa utawala mdogo, ana shingo nyembamba na kiu ya kuonekana. Alinisimamisha kazi siku ile ile, kisha akaandika Waraka Namba Kumi na Saba. Nina mtoto mgongoni na mwingine tumboni, naambiwa nimefanya hujuma. Mzee Ngwali akasoma lalamiko langu, akaandika kurasa nne, nikarudishwa. Waraka haukufutwa. Nilipopelekwa masijala, jalada la kwanza nililolitafuta lilikuwa la waraka huo. Nikalifuta vumbi, nikaliweka mahali ninapolifikia bila kuinuka.

Basi mwaka juzi macho ya Mzee Ngwali yakaanza kuondoka. Presha ya macho, walimwambia hospitali. Kufikia Machi mwaka huu alikuwa haoni hata kidole chake. Barua siku hizi zinakuja kwa kompyuta, na zikaanza kulundikana. Aprili Mkurugenzi akamwandikia: athibitishe mbele ya jopo, kabla ya tarehe thelathini Juni, kwamba anaweza kusoma barua za wananchi, la sivyo atastaafishwa kwa maslahi ya umma. Barua hiyo nilimsomea mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna nakala kwa mtu yeyote. Nikamwambia hakuna.

"Basi hajui mtu mwingine," alisema. "Afadhali. Usimwambie Tausi, atalia."

Tausi ni fundi wetu wa kompyuta, mama wa watoto wawili, ana ulimi mfupi na mikono mizuri. Nilimwambia siku hiyo hiyo. Hakulia. Alikaa mbele ya mashine yangu kama nusu saa, kisha akasema, "Mama, ipo dawa. Kuna programu inasoma kwa sauti kila kinachoonekana kwenye kioo. Vipofu dunia nzima wanaitumia. Mzee atasikiliza barua na kujibu kama zamani."

"Inachukua muda gani kuiweka?"

"Dakika sita. Na ni bure."

"Mwanangu," nikamwambia, "dakika sita sema. Hiyo ya bure usiitamke ndani ya jengo hili."

Lakini alikuwa ameshaitamka, kwa maandishi, nakala kwa wote.

*

Kikao kikaitishwa. Mkurugenzi Ndomba alisimama, akafunga kifungo cha koti, na nilikuwa naandika kumbukumbu kwa hiyo maneno yake ninayo. "Ndugu wajumbe," alisema, "taifa linalojiheshimu haliwezi kupokea kitu kisicho na bei. Kisicho na bei hakiwezi kupata punguzo. Kisichoweza kupata punguzo, tutawaeleza nini wananchi kwamba tumewaokolea? Na huyu mtu anayetoa bure, ana njaa gani? Aje hapa tumwone."

Tausi akaeleza kuwa walioitengeneza ni wengi, wamesambaa nchi nyingi, na hawataki kitu.

"Waje wote," alisema Mkurugenzi. "Na vitambulisho."

Kisha ikaja Fomu Namba Tisa, ya kupokelea mali. Fomu hiyo ina mahali pa bei, na bei ya sifuri imekatazwa kwa maelezo ya chini, yenye wino mwekundu. Tausi aliijaza mara nne ikarudi mara nne. Halafu Kamati ya Mapokezi ikataka kuiona mali. Tausi akaleta flashi. Mtunza stoo, Bwana Mtitu, mtu mwadilifu sana ambaye hajawahi kupokea kitu bila kukipima, akaiweka flashi tupu kwenye mizani, akaandika. Akamwambia Tausi aitie hiyo programu. Akaipima tena. Uzito ulikuwa ule ule.

"Hamna kitu humu," akasema Mtitu kwa huzuni, maana alimpenda Mzee Ngwali. Kamati ikatia saini kwamba mali haijapokelewa.

Hiyo ilikuwa Mei mwishoni. Mzee Ngwali alianza kufungasha meza yake kwa kupapasa. Aliweka kikombe ndani ya boksi, kisha akakitoa kwa sababu alitaka chai, kisha akakirudisha. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango, na nitakuambia ukweli, niliumia, na kuumia kwangu hakukai muda mrefu bila kugeuka kitu kingine.

Nikapanda ngazi mpaka masijala. Nikaketi. Nikachukua karatasi ya dokezo, nikamwandikia Mkurugenzi Mkuu kwa unyenyekevu kwamba yasemekana Mkurugenzi wa Mamlaka ya Makatazo, jengo la pili kutoka kwetu, kompyuta yake inamsomea barua kwa sauti huku yeye ameegemea kiti, na kwamba watumishi wa kule wanauliza kwa nini wetu bado anasoma kwa macho kama karani. Nilisema yasemekana. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema, kwa hiyo ilikuwa imesemekana.

Dokezo lilirudi baada ya dakika kumi na mbili, rekodi ya ghorofa ile. Wino ulikuwa umepasua karatasi. "Iwekwe kwangu mara moja. Ngazi za chini zisubiri tathmini."

Ikawa mambo yote yamelainika. Bwana Mtitu aliitwa, akapima flashi ikiwa pamoja na jiwe la kuzuilia karatasi, na sasa uzito ukaonekana. Penye bei akaandika moja.

"Moja ya nini?" nikamuuliza.

"Fomu haijauliza," akasema, akagonga muhuri, akaipa kompyuta ya Mkurugenzi na programu yake namba ya mali, na kama zilivyo mali zote za namba, ikafungwa na chumba kile. Kutoka humo haitoki.

*

Tausi aliiweka kwa dakika sita. Picha zilichukua saa nzima. Mkurugenzi alipoletewa vispika vidogo vya mezani alikasirika, akauliza kama yeye ni mhudumu. Zikaletwa spika mbili za ukumbi wa mikutano, zile za kutangazia misiba na sikukuu, zikapandishwa juu ya kabati. Akafungua barua ya kwanza. Sauti nzito ikasoma, "Kwa Mheshimiwa sana Mkurugenzi Mkuu," na yeye akafumba macho kama mtu anayekunwa mgongo.

"Mheshimiwa," Tausi akasema, "inasoma kila kitu. Hata unachoandika. Kuna kitufe cha kuinyamazisha, nikuoneshe."

Mkurugenzi akafumbua jicho moja. "Mimi nifundishwe na fundi, nimesimama? Mafunzo ya kiongozi ni siku tano, nje ya kituo cha kazi, hotelini. Andaa mapendekezo. Na mimi sina la kuficha."

Tausi akaandaa mapendekezo. Yakaja masijala. Mpaka leo yapo masijala.

Mkurugenzi alikuwa anauamini mlango wake, mbao nene yenye sponji ndani. Juu ya mlango huo kuna kidirisha cha hewa ambacho kioo chake kilivunjika miaka miwili iliyopita. Ombi la kioo kipya liliandikwa wakati huo huo. Nalo lipo kwangu. Na chini ya kidirisha hicho kuna benchi refu la wananchi wanaosubiri, na kwa siku hawapungui arobaini.

Jamani. Wiki tatu zile watu walikuja kusubiri hata wasio na shida. Tulisikia barua aliyokuwa akiandika bila jina kwenda gazetini, ya mwananchi mmoja anayeona Daktari Ndomba anafaa uwaziri. Tulisikia alivyofuta "anafaa" akaweka "anastahili". Tulisikia nyota yake ya wiki. Mama mmoja aliyekuja kwa kibali cha bucha alileta karanga akawa anawagawia wenzake. Ndani Mkurugenzi anasikiliza kwa raha, nje sisi tunasikiliza kwa raha, na kwa mara ya kwanza Mamlaka na wananchi wakawa wanasikia jambo moja.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nahesabu siku. Ilipofika tarehe ishirini na nane Juni, nikateremka ghorofa ya kwanza nikamshika mkono Mzee Ngwali, nikamwambia kuna barua yake inakuja kusainiwa, twende akasubiri benchini.

"Nani ataisoma?" akauliza.

"Mwenyewe Mkurugenzi."

Alivaa koti. Watu wakampisha akaketi katikati, boksi lake magotini.

Saa nne na robo, sauti ikaanza. "Ndugu Ngwali. Kustaafishwa kwa maslahi ya umma. Jopo la tarehe thelathini halitakaa, kwa kuwa imedhihirika kwamba huwezi kusoma, ikiwa ni pamoja na barua hii." Mzee Ngwali hakutikisika. Midomo yake ilikuwa inafuata neno kwa neno, jinsi alivyozoea kusoma zamani, na nilijua anaihifadhi.

Kisha Mkurugenzi, kwa kuridhika, akafungua barua iliyofuata. Ilitoka kwa shemeji yake mwenye kampuni. Sauti ikaisoma kwa heshima ile ile.

"Shemeji, salaam. Programu yangu ya kusoma kwa sauti mtakayonunua bado haijaweza kusema. Inafunguka vizuri na ina rangi za bendera, lakini haisemi. Yule mzee kipofu ndiye mtu pekee katika jengo lenu atakayegundua. Hakikisha ameondoka kabla ya siku ya makabidhiano. Na hiyo ya bure iteni hatari."

Mama wa bucha akaacha kutafuna.

Ndani tukasikia kiti kinaanguka. Alikuwa anabonyeza vitufe vyote, na mashine inamtajia kila kimoja, jina kwa jina, bila hasira. Kisha ikarudi mwanzo wa barua. "Shemeji, salaam." Mlango ukafunguka, akatoa kichwa, akawaona watu arobaini, na katikati yao Mzee Ngwali.

"Tausi! Iondoe hii takataka!"

Tausi alikuwa amesimama karibu nami. "Mheshimiwa, ina namba ya mali. Kuiondoa ni Fomu Namba Kumi. Saini kumi na moja. Na Bwana Mtitu lazima apime uzito uliopungua."

"Basi nipe hiyo fomu!"

"Fomu zipo," nikasema mimi. "Ila zinaombwa kwa fomu."

"Hakikisha ameondoka," ikasema mashine, "kabla ya siku ya makabidhiano."

Akarudi ndani mbio. Nikamfuata, sikukimbia, miguu yangu hairuhusu, na mkononi nilikuwa na jalada langu. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya kabati, koti limempanda kichwani. Akaushika waya kwa mikono miwili. Akauchomoa.

Kimya kikawa kizuri sana.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba nikusomee kitu, maana mashine imezimika." Nikafungua. "Waraka Namba Kumi na Saba. Yeyote atakayechomoa waya wa mali ya umma yenye namba, kwa sababu yoyote, atakuwa amefanya hujuma na atakuwa amejisimamisha kazi papo hapo. Usimamishaji huu hauhitaji saini ya mtu, kwa kuwa wahudumu hawastahili kusumbua saini ya mkubwa. Umetiwa saini, G. Ndomba, Afisa Utawala."

Bado alikuwa amepiga magoti. Alitazama waya mkononi mwake, akatazama mlango, nao ulikuwa umejaa nyuso. "Waraka ule ulikuwa wa wahudumu," akasema polepole.

"Unasema yeyote. Uliandika mwenyewe. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeshika deki."

Ndipo aliponitazama usoni, na nikaona ananikumbuka. Miaka kumi na tisa nimempelekea majalada, ilikuwa mara ya kwanza anitazame. Sitaficha. Niliifurahia kuliko harusi yangu. Mashahidi arobaini waliandika majina yao, na mama wa bucha akaandika mara mbili. Bwana Chubwa akapanda kutoka getini kumsindikiza nje. Mguu wake umepona zamani, lakini kabla ya kuteremka aliyatoa magongo ukutani, akayaweka kwapani, akaenda nayo.

*

Barua ya kumstaafisha Mzee Ngwali haikuwahi kusainiwa, kwa hiyo tarehe thelathini jopo lilikaa. Programu ilikuwa moja, na kutoka chumba kile haitoki, kwa hiyo taratibu zikaelekeza kwamba kama mali haiwezi kumfuata mtumishi, mtumishi aifuate mali. Mzee Ngwali alihamishiwa ofisi ya Mkurugenzi Mkuu, kiti cha ngozi, feni, pazia. Aliomba jambo moja tu, zile spika za ukumbi ziondolewe aletewe vidude vya kusikilizia vya masikioni, kwa sababu barua za watu ni siri zao. Jopo likamwambia afungue barua yoyote asome na aijibu. Akasoma na kujibu tisa. Mwenyekiti wa jopo akalia kidogo, kisha akaomba chai.

Shemeji anahojiwa. Nasikia aliulizwa programu yake iko wapi, akaileta, na ni kweli haisemi.

Wiki iliyopita Mzee Ngwali aliniita. Alikuwa ameegemea, kidude kimoja sikioni, kikombe chake kiko mezani.

"Mama Kulwa, kuna lalamiko limeingia. La Ndomba. Anasema alisimamishwa bila kusikilizwa, na anao watoto wanaosoma."

"Hata mimi nilikuwa nao."

"Najua. Nilikuandikia kurasa nne." Akasukuma bahasha mezani. "Na yeye nimemwandikia nne. Nimeomba asikilizwe. Ni haki ya mtu, Mama Kulwa. Ipeleke leo, siku ya tatu ndiyo hii."

Nilipokea bahasha kwa mikono miwili, kwa sababu ni mtu ninayemheshimu kuliko wote niliopata kuwajua. Ni barua nzuri. Niliisoma ngazini, na ukurasa wa tatu nusura unilize.

Kisha nikapita stoo kwa Bwana Mtitu, nikamwomba mizani. Nikaiweka barua juu yake. Mshale haukusogea hata kidogo.

"Hamna kitu humu," akasema Mtitu.

Nikamwambia aandike.